"Kesho Hakuna Kikao": Mkazo, Toni na Kiimbo Vinavyobeba Maana

Mwezi uliopita niliandika maneno matatu kwenye kundi letu la kazi za kujitolea: "Kesho hakuna kikao". Nilikuwa nauliza. Nilisikia fununu kwamba mwenyekiti amesafiri, nikataka uhakika. Haraka zikanifanya nisahau alama ya kuulizia, ujumbe ukaenda mkavu. Siku ya pili yake tulifika watu 4 kati ya 11. Wale wengine 7 walikuwa majumbani kwao wamejipumzikia, maana katibu, yaani mimi, alikuwa ameshatangaza.

Lawama zilipoanza, kila mtu akaja na utambuzi wake wa ugonjwa. Mmoja alisema, "Tatizo ni toni yako." Mwingine akasema sikuweka mkazo. Wa tatu, mzee wetu mmoja aliyefundisha Kiswahili mpaka akastaafu, akatikisa kichwa na kusema, "Kilichokosekana hapa ni kiimbo." Majina matatu kwa kosa moja, na aliyepatia ni mzee peke yake.

Mkanganyiko huu uko kila mahali. Mtu akijibiwa kwa ukali husema hakupenda "toni" ya mwenzake. Anayejifunza Kichina huambiwa azingatie "mkazo". Na wapo wanaoapa kwamba Kiswahili hakina mambo hayo kabisa, kwamba kinatamkwa kama kilivyoandikwa, basi. Imani hiyo ya mwisho ndiyo iliyonigharimu kikao.

Tuanzie kooni

Ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, kuna vikunjo viwili vinavyoitwa nyuzi sauti. Hewa ikipanda kutoka mapafuni, nyuzi hizo hufunguka na kufunga kwa kasi, na mtetemo huo ndio sauti ya mtu kabla ulimi na midomo haijaifinyanga kuwa maneno. Zikitetemeka haraka, sauti iko juu. Zikitetemeka polepole, iko chini. Kwa mwanamume mtu mzima ni kama mara 120 kwa sekunde, kwa mwanamke kama mara 200 na ushei, kwa mtoto mdogo 300 hivi. Kimo hicho cha sauti wanaisimu wa Kiswahili wanakiita kidatu. Ukizikaza nyuzi, kama mpiga gita anavyokaza waya, kidatu kinapanda. Ukizilegeza, kinashuka.

Kidatu si sawa na nguvu ya sauti. Mbu anayekulilia sikioni usiku ana kidatu cha juu sana na nguvu kidogo mno. Radi ina nguvu za kutikisa nyumba na kidatu cha chini. Kitu cha tatu ni wakaa, yaani muda ambao sauti inashikiliwa kabla ya kuachiwa.

Kwa malighafi hizo tatu, kidatu, nguvu na wakaa, lugha zinazosemwa hutengeneza vitu vya kazi mbalimbali. Mkazo, ambao wengine huuita shadda, hunyanyua silabi moja juu ya wenzake ndani ya neno. Toni hutumia kidatu kulifanya neno liwe neno jingine kabisa. Kiimbo ni mpando na mshuko wa sauti katika sentensi nzima. Mkono mmoja huandika, hubisha hodi na huaga, na hakuna anayesema kuandika na kuaga ni jambo moja kwa kuwa vidole ni vilevile. Kitaalamu vyote hivi huwekwa kwenye kapu la vipambasauti, jina ambalo sijawahi kulipenda. Pambo ni kitu unachoweza kukivua ukabaki umevaa.

Kabla hatujatoka kooni, kuna ajabu moja. Simu za zamani za waya zilipitisha mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 hivi kwa sekunde. Mtetemo wa msingi wa mwanamume, ule wa 120, haukupita. Hata hivyo mtu alipompigia mwanawe, mtoto alimsikia baba yule yule na sauti yake nzito. Kilichopita ni mitetemo ya juu inayoambatana na ule wa msingi, 360, 480, 600 na kuendelea, yote ikiwa vigawe vya 120. Ubongo hupima nafasi kati ya mitetemo hiyo, ukakirudisha wenyewe kidatu kilichokatwa. Kitu ambacho ubongo unahangaika nacho kiasi hicho hakiwezi kuwa pambo.

Mkazo: silabi ya pili kutoka mwisho

Nitaandika kwa herufi kubwa silabi yenye mkazo. Kanuni ya Kiswahili mtoto anaijua kabla hajajua kuhesabu: kiTAbu, mwaLImu, haBAri. Hata neno dogo kama mtu linaifuata, kwa kuwa ile m ni silabi kamili na ndiyo inayobeba mzigo: M-tu. Ukiongeza kiambishi, mkazo unahama: PIga, piGAna, pigaNIsha, piganiSHAna. Haukai kwenye mzizi. Unahesabu kutoka mkiani.

Basi hoja husikika hivi: ikiwa mkazo unajulikana utaangukia wapi, hauwezi kutenganisha maneno, kwa hiyo hauna kazi. Napinga. Sema kwa sauti "kazi ni kwako", halafu sema "kazini kwako". Herufi ni zilezile kwa mfuatano uleule. Kwenye karatasi zinatenganishwa na nafasi, lakini mdomoni nafasi hiyo haipo, kwa sababu katika mazungumzo ya kawaida hatunyamazi kila tunapomaliza neno. Tunamimina tu. Sikio linajuaje kama unanikabidhi jukumu au unataja mahali ninapofanyia kazi? Linasikiliza mkazo. Katika KAzi ni KWAko, ka ndiyo iliyonyanyuliwa, kwa hiyo neno linaishia kwenye zi na ile ni inasimama peke yake. Katika kaZIni KWAko, zi ndiyo iliyonyanyuliwa, kwa hiyo ni imo ndani ya neno. Kila mkazo unamnong'oneza msikilizaji kwamba imebaki silabi moja neno liishe. Ni kibao kinachotangaza kona kabla hujaifikia.

Hiyo ndiyo kazi ya mkazo katika lugha ambazo mkazo wake una mahali maalumu. Kipoland kinafuata kanuni kama yetu. Kicheki na Kifini hukaza silabi ya kwanza. Kwingine mkazo unatangatanga, na hapo ndipo unapobadilisha maana ya neno moja moja. Kwa Kihispania, término ni kikomo, termino ni "namaliza", terminó ni "alimaliza". Mrusi akisema múka anataja mateso. Akisema muká anataja unga.

Nasi tunayo maneno machache yaliyokataa kanuni. BaraBAra ni njia. BaRAbara ni sawasawa kabisa. Kwa hiyo baraBAra inaweza kujengwa baRAbara, au isijengwe. Mtu anaweza kukataa kaTAkata kuzikataKAta kuni. Gari laweza kuwa zuri, waLAkini lina walaKIni. Programu ninayoitumia kusomewa maandishi kwa sauti huyatamka yote kwa kanuni moja, na kila mara "imefanyika barabara" inaposomwa kama njia ya magari, nacheka peke yangu. Mashine inaona herufi, na herufi za maneno haya hazitofautiani hata kidogo.

Nadhani hapo pia ndipo ilipo sababu ya ushairi wetu wa kimapokeo kuhesabu mizani na kupanga vina bila kuipanga mikazo, wakati mshairi wa Kiingereza hujenga mshororo wake kwa mikazo. Kitu kinachokuja chenyewe, tena mahali palepale, hakimpi fundi cha kuchezea.

Toni, neno linaloonewa

Neno toni hutumika kwa kila jambo linalohusu sauti, nalo lina maana finyu. Lugha ina toni pale kidatu kinapotenganisha neno na neno, kama vile p na b zinavyotenganisha "paka" na "baka". Kwa Kichina cha Mandarin, silabi ma ikishikiliwa juu bila kutikisika ni mama. Ikishuka kisha ikainuka ni farasi. Ikiporomoka ghafla ni kukaripia. Kwa Kiyoruba, ọkọ ni mume, mwisho ukipandishwa (ọkọ́) ni jembe, mwisho ukishushwa (ọkọ̀) ni chombo cha usafiri. Karibu zaidi na sisi, kwa Kilingala moto ni mtu, na motó, mwisho ukiwa juu, ni kichwa. Mswahili aliyezoea moto wa kuunguza anaingia kwenye mazungumzo hayo na hasara mara mbili.

Toni haipimwi kwa namba ya mitetemo. Bibi mwenye sauti nzito na mjukuu wake mwenye sauti kama filimbi wanasema toni zilezile, kwa sababu "juu" maana yake ni juu kuliko jirani yake katika kinywa hichohicho. Kwa hiyo huhitaji kujua kuimba ili kusema Kiyoruba, na watu wasioweza kuimba hata mstari mmoja wanakisema bila shida tangu utotoni.

Wengi hudhani toni ni kitu cha Asia ya mbali. Kumbe lugha nyingi za Kibantu zinayo: Kigikuyu, Kiganda, Kinyarwanda, Kishona, Kizulu. Kiswahili ndicho kilichotoka kwenye mstari, kikaziacha toni ambazo lugha mama ya Kibantu ilikuwa nazo, kikabaki na mkazo. Jirani asemaye lugha ya toni akija kwenye Kiswahili huja na mawimbi yake, na ndiyo sehemu kubwa ya kile tunachokiita lafudhi.

Nguvu ya toni inaonekana vizuri ukiondoa kila kitu kingine. John Carrington, mmisionari aliyeishi miongoni mwa Walokele kando ya Mto Kongo, alieleza mwaka 1949 jinsi ngoma ya gogo inavyotuma habari kutoka kijiji hadi kijiji. Ngoma ina sauti mbili, ya juu na ya chini, na lugha yao ina toni mbili. Mpigaji anapiga toni za maneno, konsonanti na irabu zikibaki nyumbani. Tatizo ni kwamba maneno mengi yana toni zinazofanana, kwa hiyo neno moja halitoshi. Ngoma haisemi "mwezi" tu. Inasema mwezi unaoitazama nchi kutoka juu. Haisemi "kuku" tu. Inamtaja kuku, yule mdogo anayelia kio-kio. Urefu huo, ambao mgeni angeuona ni maneno mengi yasiyo na haja, ndio unaomwezesha msikilizaji kujua ni neno gani.

Ulaya nako kuna lugha zenye tabia ya namna hii. Kwa Kinorwei, bønder ni wakulima na bønner ni maharagwe. Kwa wasemaji wengi konsonanti na irabu zake hutamkwa sawa, na tofauti ni mwendo wa kidatu peke yake. Mwaka 1941, wakati nchi hiyo iko chini ya jeshi la Ujerumani, mwanamke mmoja wa Norwei alijeruhiwa kichwani na kipande cha bomu. Alipopona, maneno yake yalirudi, ila wimbo wake haukurudi ulivyokuwa. Watu waliomsikia walidhani ni Mjerumani, na madukani alikataliwa huduma. Daktari wa mishipa ya fahamu, Georg Herman Monrad-Krohn, aliandika habari zake mwaka 1947. Hakuwa amejifunza lafudhi ya mtu yeyote. Kidatu kilikuwa kinapanda na kushuka mahali pasipotarajiwa, na masikio ya wenzake yakaupa ugeni huo jina la adui waliyemjua. Nikisikia mtu anasema "yule ana lafudhi", kana kwamba yeye mwenyewe hana, humkumbuka mwanamke huyu.

Kiimbo, yaani wimbo wa sentensi

Lugha yenye toni haikosi kiimbo. Mwanaisimu Yuen Ren Chao alitoa mfano ambao bado haujapata mpinzani: toni ni viwimbi vidogo vinavyopanda juu ya mawimbi makubwa ya bahari. Mchina akiuliza swali, sentensi yote huweza kuinuka, na toni zikainuka pamoja nayo bila kupotezana.

Sisi ambao hatuna viwimbi tumebaki na mawimbi, nayo yanatufanyia kazi ngumu. Sema "Amekuja." Sauti inateremka, inatua. Sema "Amekuja?" Kwa wasemaji wengi sentensi nzima inakwenda juu zaidi, na inaruka hasa kwenye ile silabi yenye mkazo, ku, karibu na mwisho. Hakuna neno lililoongezwa, hakuna kilichohamishwa. Kiingereza na Kifaransa huweza kupindua mpangilio wa maneno ili kuuliza. Sisi hatuna haja. Kwa hiyo anayesema Kiswahili hakina mambo haya ana kazi ya kueleza ni kitu gani kinachotenganisha swali na taarifa katika lugha yetu.

Lakini msiseme kila swali hupanda. "Unakwenda wapi?" kwa kawaida hutua chini, kwa kuwa neno wapi limeshajitangaza na sauti haina tena cha kutangaza. Ukiipandisha wapi hiyo juu kabisa, umeuliza swali jingine: umesemaje, unakwenda wapi? Kwa swali la ndiyo au hapana, Kihangari hupandisha kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kisha kikashusha. Kwa Kichickasaw, lugha ya wenyeji wa asili wa Marekani, mambo yamegeuka kabisa: taarifa huishia juu, swali huishia chini. Na Annie Rialland, aliyelinganisha lugha nyingi za Afrika, alionyesha mwaka 2007 kwamba nyingi, hasa za magharibi mwa bara, huuliza kwa kushusha na kuilegeza sauti mwishoni.

Kuna neno moja tunalo ambalo naona hatulithamini. Wahispania huweka alama ya swali pande mbili, iliyopinduliwa mwanzoni na ya kawaida mwishoni, tangu chuo chao cha lugha kilipoagiza hivyo mwaka 1754. Sababu ni ya msomaji: lugha yao pia inaweza kuuliza kwa wimbo tu, na asomaye kwa sauti anahitaji kujua wimbo kabla hajafika mwisho wa mstari. Sisi tunalo Je. "Je, amekuja?" Wengi hufundishwa kwamba Je ndiyo inayofanya sentensi iwe swali. Mdomoni haihitajiki hata kidogo. Kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, iko kwenye maandishi: ni ile alama iliyopinduliwa ya Wahispania, ila sisi tumeipa herufi na sauti.

Kiimbo hakiishii kwenye maswali. Msomee mtu namba ya simu. Kila fungu la tarakimu unaliacha likining'inia juu kidogo, na la mwisho unalitua. Ukikosea ukatua katikati, mwenzako ataanza kukurudishia namba kabla hujamaliza, na wala hatajua kwa nini amekukatiza. Umemwambia, bila neno, kwamba umemaliza. Ndivyo tunavyopokezana zamu katika mazungumzo yote. Utafiti uliotolewa mwaka 2009, uliolinganisha lugha 10 za mabara mbalimbali, ulikuta wastani wa pengo kati ya swali na jibu ni kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Muda huo hautoshi kusubiri mtu anyamaze ndipo uanze kutunga jibu. Lazima uwe umeshaona mwisho ukija, na kushuka kwa kidatu pamoja na kurefuka kwa silabi za mwisho ni miongoni mwa dalili zinazokuonyesha.

Au chukua sentensi hii: "Nimekutana na rafiki yake Juma." Ukiisema kwa pumzi moja, Juma ana rafiki na nimekutana na huyo rafiki. Ukitua kidogo baada ya yake, rafiki ndiye Juma mwenyewe. Watu wawili tofauti, na kinachowatenganisha ni kituo kifupi kuliko kupepesa jicho. Kwenye maandishi mkato unaweza kusaidia, ila nani siku hizi anaweka mkato?

Kujifunza wimbo huu kunaanza mapema mno. Tumboni mwa mama, konsonanti nyingi hazipenyi vizuri, lakini mpando na mshuko hupenya. Utafiti wa mwaka 1988 uliofanyika Paris ulionyesha kwamba watoto wa siku 4 walitofautisha Kifaransa na Kirusi, hata sauti ilipochujwa ukabaki wimbo bila maneno ya kueleweka. Wimbo huja kwanza. Maneno huja baadaye na kukaa ndani yake.

Pale ambapo Kiswahili hakibonyezi neno

Wanafunzi hupenda zoezi moja lililotoka kwenye vitabu vya Kiingereza: chukua sentensi, bonyeza neno tofauti kila mara, uone maana inavyobadilika. "Asha alimpa Juma kitabu jana." Kwa Kiingereza zoezi hilo linafanya kazi vizuri sana. Kwa Kiswahili linafanya kazi nusu. Ukitaka kusema ni Asha na si mwingine, hubonyezi Asha. Unasema "Asha ndiye aliyempa". Ukitaka kitabu, "Kitabu ndicho alichompa". Ukitaka siku, "Ni jana alipompa". Sarufi imechukua mzigo ambao kwingine umebebwa na koo. Ndiyo maana tafsiri zinazosomwa kwa kubonyeza maneno ovyo, "ASHA alimpa Juma kitabu", humfanya msikilizaji ahisi kuna kitu kimepindishwa, hata kama hawezi kusema ni nini. Tukigombana tunabonyeza, sikatai. Ila maneno kama ndiye na ndicho ndiyo zana zetu za kawaida.

Upande mwingine, kuna maneno ambayo bila wimbo ni maganda matupu. Chukua haya. Fupi, ikashuka na kutua: nimekubali, tumemaliza. Fupi, kali, ikaanzia juu: ni amri, ondokeni. Ikiinuliwa mwisho: uko tayari, au endelea nakusikiliza. Ikivutwa na kuteremshwa taratibu, haaaya, ama nimesalimu amri, ama ndiyo kwanza nimeelewa ulichonifanyia, na anayekujua atasikia ni ipi kati ya hizo mbili. Ikirudiwa harakaharaka, haya haya: tumechelewa. Kamusi itakuongezea kwamba haya pia ni aibu, na pia ni kioneshi, kama katika "maneno haya". Hakuna ukurasa utakaokuandikia zile nyimbo tano, na mtoto wa miaka mitatu anazijua zote.

Kejeli hukaa hapohapo. "Hongera, umefanya kazi nzuri" inaweza kuwa pongezi au kofi, kutegemea urefu wa irabu na mahali kidatu kinapoporomokea. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwaomba watu watume sentensi za kejeli na za kweli, wengine kwa sauti, wengine kwa baruapepe, na wabashiri kama mpokeaji angetambua. Waliotuma kwa maandishi walijiamini kama waliotuma kwa sauti. Wapokeaji wa sauti walitambua vizuri. Wapokeaji wa maandishi hawakuzidi sana mtu anayebahatisha. Kinachonivutia ni sababu waliyoitoa: mwandishi anapoandika, anausikia wimbo wake kichwani, na hawezi kuamini kwamba mwenzake hausikii. Ndivyo ilivyokuwa kwangu usiku ule. Kichwani mwangu "Kesho hakuna kikao" ilikuwa inapanda. Niliisikia kabisa ikipanda.

Baada ya kisa kile kundi lilipitisha kanuni moja, iliyopendekezwa na yule mzee: kila swali lianze na Je, alama iwepo isiwepo. Juzi kuna aliyeandika "Je kikao cha kesho kipo", bila mkato, bila alama ya kuulizia, bila chochote, na hakuna aliyeelewa vibaya. Mwenyekiti akajibu kwa neno moja: "Haya."

Tunangoja ujumbe wake wa sauti.